Nilitangaza kuuza santuri zangu Makanyagio, watani wakaniwekea msiba nikiwa hai

Wakuu, nawasalimu wote, mlio kazini mnaojifanya mko bize na mlio nyumbani mnaojifanya mmepumzika.

Juzi nimeona kijana humu anatangaza kuuza CD zake zote kwa pamoja, watu wakamcheka kwenye comments. Mimi sikucheka. Nilikumbuka yangu.

Nitaeleza kama ilivyotokea. Kuna shahidi mmoja wa tukio hili anasoma kila ninachoandika, na ameshanionya kwamba nikiongeza chumvi atafungua akaunti yake humu humu anikosoe mbele yenu. Kwa hiyo tulieni, hamtaongopewa.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda. Wakati huo Katavi ni jina la hifadhi ya wanyama tu, mkoa haujazaliwa, sisi ni wilaya ndani ya Rukwa. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale Makanyagio, kijana bado, Mfipa niliyefuata maisha kutoka upande wa Sumbawanga. Nimepanga kiwanja, nimejenga kachumba ka tofali za udongo, juu nyasi.

Sasa mimi nilikuwa na kitu ambacho mtaa mzima hawakuwa nacho. Gramafoni ya betri na kreti la santuri.

Hizo santuri niliuziwa na mzee mmoja wa reli aliyekuwa anastaafu anarudi kwao. Nilitaka nichague zile za dansi na rumba tu, mzee akakataa katakata, akasema hizi zimekaa pamoja muda mrefu, chukua zote au acha zote. Nikachukua zote.

Kumbe kwenye kreti lile nusu ni muziki na nusu ni maajabu. Nusu ya juu zilikuwa za dansi, zile ukiweka tu baraza linajaa watu, mteja anasahau suruali yake haijaisha anaanza kuyumba. Nusu ya chini zilikuwa vitu sikuvielewa. Tarumbeta za bendi ya askari. Wanawake wanaimba lugha ambayo sijawahi kukutana na binadamu anayeijua. Santuri moja haina hata muziki, ni mzungu anafundisha Kifaransa. Hizo za chini sikuwahi kuzipiga hata mara moja. Niliweka sufuria juu yake.

Vijana wa streaming mtaniuliza umeme ulitoka wapi. Hakukuwa na umeme mtaani kwetu. Ni betri za tochi, zikichoka unazianika juani asubuhi, zikipata joto zinakupa nyimbo chache tena. Zikigoma kabisa unaziuma kidogo na meno, halafu unazirudisha kwenye mashine unasali. Mnacheka, lakini waliokuwepo wanajua nasema nini.

Basi, nikampata mchumba.

Skolastika, Mkonongo wa Ugalla, kwao wanarina asali. Nilimfahamu alipokuja kushona gauni la kipaimara cha mdogo wake. Nilimshonea gauni lile taratibu kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona, kila akija nasema bado pindo. Mpaka pindo linaisha tulishaelewana.

Baba yake hakuwa na neno. Ila alinieleza mapema kwamba Skola amelelewa na shangazi yake, kwa hiyo mwenye kauli ya mwisho ni Shangazi. Nikasema hakuna shida, mimi na mashangazi tunaelewana.

Wakuu, sikuwa namjua huyu.

Shangazi alipanda treni kutoka Ugalla kuja kukagua ninapoishi. Mama mfupi, mnene kidogo, anaongea polepole na haangalii kitu mara mbili. Siku hiyo ikanyesha mvua ya kushtukiza, zile za kufungia msimu. Nyasi zangu zilikuwa zimechoka, zikaanza kuvuja. Kwenye kitanda panavuja. Kwenye meza panavuja. Shangazi akasogeza kiti, pakavuja. Akasogeza tena.

Akaona kona moja tu ndani ya nyumba nzima iko kavu. Akaenda pale akakuta kreti la santuri, limefunikwa nailoni, na juu ya nailoni blanketi.

Akauliza lile blanketi ni la nani. Nikasema la kwangu.

Hakugomba. Alikunywa chai yake ikiwa imeongezewa maji ya mvua, akaaga vizuri. Mlangoni akaniambia hivi: "Mwanangu Leonsi, siwezi kumleta mtoto wangu kwenye nyumba ambayo sahani za muziki zinalala pakavu na mtu analala kwenye maji. Weka bati. Mvua za mwaka huu zikianza bado una nyasi, tusitafutane."

Nilikaa pale nikiangalia lile blanketi. Alikuwa ameongea ukweli mtupu na sikuwa na pa kujitetea. Na Skola nilimpenda, hilo naliandika waziwazi hapa na shahidi asome.

Kwa cherehani peke yake bati nisingelipata kabla ya mvua, hata ningeshona usiku na mchana. Kitu pekee cha thamani nilichokuwa nacho ni lile kreti. Kiangazi kilipokaribia kuisha nikaamua. Nikaandika kwa chaki kwenye mlango: SANTURI ZINAUZWA ZOTE.

Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Deusi, ana baa kule Ilembo, alishanitamania zile santuri siku nyingi. Akatuma salamu kwamba Jumamosi anakuja na mkokoteni kubeba. Nikalala nimetulia.

Hapo ndipo alipoingia Maganga.

Maganga alikuwa fundi baiskeli, jirani yangu ukuta kwa ukuta, Mnyamwezi wa Tabora. Na sisi Wafipa na Wanyamwezi ni watani. Kwa wasiofahamu, mtani si rafiki tu wa kutupiana maneno. Mtani ana haki zake. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku akamla, na wewe unatakiwa ucheke. Msiba ukitokea kwako yeye ndiye anaushika: anapika, anachimba kaburi, anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Na ukimkasirikia mtani umejiaibisha, unatozwa faini, na faini inaamuliwa na wao.

Maganga alisoma ile chaki yangu Ijumaa asubuhi. Akasimama. Akavua kofia. Kisha akaanza kulia kwa sauti.

Nilitoka nje na sindano mdomoni. Nikamkuta ameshajaza watu. Anawatangazia kwamba Leonsi hatunaye, maana Leonsi tuliyemjua hawezi kuuza santuri zake akiwa hai, huyu anayesimama mlangoni ni kivuli chake tu, msimsemeshe.

Mke wake, Mama Kulwa, akatoka na mkeka. Wanyamwezi wengine wa mtaa wakaja na kuni. Baada ya muda mfupi mbele ya baraza langu kuna moto, kuna mikeka, kuna chungu cha uji, akina mama wamejifunga khanga kiunoni. Msiba kamili. Nikamwambia Maganga kesho nina mteja, hebu acheni. Maganga hata hakunigeukia, akamwambia mwenzake kwamba anasikia upepo unavuma mlangoni.

Nilitaka kukasirika. Nikakumbuka faini. Nikacheka, lakini cheko langu lilikuwa la meno tu.

Halafu wakatoa sharti. Watani wakasema marehemu lazima aagwe na familia yake yote, na familia yake ni santuri. Zipigwe zote, moja baada ya nyingine, pande zote mbili, zinazopendwa na zisizopendwa. Ya mwisho ikiisha ndipo matanga yaanuliwe, na mimi nitakuwa huru kuuza. Na kwa kuwa marehemu haonekani msibani, nikae ndani na mashine yangu chini ya dirisha, nisichungulie.

Nikaona bora nikubali yaishe. Nikahesabu kichwani kwamba mpaka jioni nitakuwa nimemaliza. Nilisahau habari ya betri.

Za dansi zilikwenda vizuri. Huko nje wafiwa walikuwa wanalia kwa kufuata mdundo, na wengine nilisikia wanacheza kabisa, Mama Kulwa anawakemea kwamba huu ni msiba jamani, chezeni kwa huzuni. Katikati betri zikachoka. Kesho yake asubuhi ikabidi zianikwe, na msiba ukasubiri jua.

Ndiyo maana Deusi alipofika Jumamosi na mkokoteni wake, msiba ulikuwa bado mbichi.

Sasa mfikirieni Deusi. Anatoka Ilembo, amejipanga kubeba santuri. Anakunja kona anaona watu wamekaa chini, moto unafuka, wanawake wamejitanda khanga kichwani, na Maganga anapokea watu kwa mikono miwili. Yeye si Mfipa wala si Mnyamwezi, ni mtu wa upande wa ziwani, mambo ya utani wetu hayajui vizuri. Aliuliza aliyefariki ni nani, akaambiwa ni mwenye nyumba.

Maskini Deusi akauacha mkokoteni barabarani, akaja akakaa kwenye mkeka, akainamisha kichwa. Mimi namuona kwa ufa wa dirisha. Nikaita kwa sauti ya chini, "Bwana Deusi, njoo tuzungumze." Mama Kulwa akapiga yowe kubwa likanifunika.

Deusi alikaa, akanywa uji, akatoa jogoo aliyekuwa amemnunua njiani kwa ajili ya nyumbani kwake, akamtoa rambirambi. Halafu akaondoka na mkokoteni mtupu. Nilimsikia akimwambia Maganga kwamba alikuwa na biashara na marehemu, lakini mali ya marehemu haiguswi kabla ndugu hawajakaa, atarudi siku nyingine.

Jogoo yule walimla mchana uleule. Walinipitishia shingo dirishani.

Hapo nilianza kupata stress ya kweli. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mchana upande wa kusini, na mnunuzi wangu ameondoka akiamini mimi ni marehemu.

Kumbe hiyo ilikuwa ndogo. Jumamosi hiyohiyo akapita mzee mmoja wa asali kutoka Ugalla, amekuja mjini kuuza madumu yake, anakimbilia stesheni. Yule mzee alinifahamu kama mchumba wa Skola. Akauliza kwa haraka msiba wa nani. Mama Kulwa, kwa kuwa alikuwa amenogewa, akamlilia jina langu lote mpaka la ukoo. Mzee akavua kofia, akatikisa kichwa, akawahi treni.

Mimi wakati huo nilikuwa nimelala kidogo. Hii habari ya mzee wa asali niliisikia baadaye.

Siku zilizofuata tukaingia kwenye zile santuri za chini. Nikazitoa chini ya sufuria, nikazifuta masizi na kipande cha satini. Nilitegemea watu wataondoka wenyewe kwa kuchoka.

Nikaweka ile ya Kifaransa. Mzungu anasema neno, ananyamaza kidogo ili mwanafunzi arudie. Ile nafasi ya kunyamaza, nje wakarudia. Wote. Kwa pamoja. Na vilio ndani yake. Mzungu anasema bonjour, kundi zima la wafiwa linaitika bonjour, Mama Kulwa anamalizia mayo wee, mama wee ya Kinyamwezi. Walifika mpaka sehemu ya kuagiza kahawa hotelini. Mpaka leo Maganga, akiwa mzee na meno hana, anajua kuagiza kahawa kwa Kifaransa na hajui kingine.

Tarumbeta za askari nazo zilikuwa na kazi yake. Walizitumia kusindikizia maji ya kisimani, akina mama wakawa wanakwenda na ndoo kwa gwaride.

Halafu nikaweka ile ya wanawake wanaoimba lugha nisiyoijua.

Wakuu, hapa naomba niwe serious kidogo. Hakukuwa na gitaa wala ngoma, ni sauti zao tu na kitu kinagongwa taratibu nyuma, kama mtu anatwanga kwa mbali. Nje watu walinyamaza. Walinyamaza kwelikweli, hata Maganga. Nilikaa sakafuni na mgongo ukutani, nikajiuliza nimeishi na kitu hiki ndani ya nyumba muda wote huu nikakiwekea sufuria ya maharage juu yake. Wimbo ulipoisha nikasikia mtu anasema kwa upole, rudia huo.

Nikaurudia. Nikaurudia tena kesho yake betri zilipopata jua. Nilikuwa bado naurudia mchana ule treni ya kutoka Ugalla ilipoingia.

Nilichosikia kwanza ni kilio tofauti. Kwa siku zote zile nilishavizoea vilio vya watani, nilishamjua kila mtu na yowe lake. Hiki kilikuwa kinatoka mbali barabarani na hakikuwa na mzaha ndani yake. Nikachungulia kwenye ufa.

Shangazi. Khanga nyeusi kichwani, vumbi mpaka magotini, anaongozwa na wanawake wawili. Nyuma yake Skola, hana kilio, amekaza macho mbele tu. Nyuma kabisa mwanamume amebeba dumu la asali na mbuzi wa msiba.

Nilimwona Maganga anasimama na uso wake unabadilika rangi. Akafungua mdomo aseme. Shangazi hakumpa nafasi, alishaanguka kwenye mkeka.

Ilitakiwa nitoke palepale. Najua, msianze. Lakini nilikuwa nimevaa bukta yenye kiraka, nimekaa sakafuni, nimeganda. Na Shangazi akaanza kuongea na mimi, yaani na marehemu, na nikataka kusikia.

Alilia akasema, "Leonsi mwanangu, kwa nini hukunisubiri? Nilisema bati, nilisema bati tu, sikusema ufe. Ulikuwa mwembamba lakini ulikuwa na heshima. Chai yako ilikuwa mbaya lakini ulinipa kiti. Ungeamka leo ningekupa mtoto wangu hata kwenye nyasi zinazovuja, ningekupa mbele ya hawa watu wote."

Mtaa mzima ulikuwa umesimama. Balozi wa nyumba kumi alikuwepo, wazee walikuwepo. Maganga alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri hukumu. Mama Kulwa alikuwa amejifunika khanga uso wote na alikuwa anatetemeka, sijui kwa kicheko au kwa hofu.

Mimi ndani machozi yananitoka. Nisiongope, nilijililia mwenyewe.

Na wakati wote huo mashine inaendelea. Wimbo upande ule ukaisha, na mimi kwa mazoea ya siku zote zile nikanyanyua mkono wa gramafoni, nikageuza santuri, nikaweka upande wa pili. Sikufikiri kabisa. Ni mazoea.

Ndipo nikasikia sauti ya Skola, ya chini, haina haraka.

"Shangazi, nani anageuza santuri?"

Shangazi alinyamaza katikati ya neno. Watu wote wakageukia dirisha langu. Ule upande wa pili ulikuwa na wimbo mmoja mfupi tu, ukaisha upesi, sindano ikaingia kwenye mzunguko wa mwisho inakwaruza, kwaru, kwaru, kwaru. Nilijua nikiinyanyua nimekamatwa. Na nikiiacha sindano inaliwa, na sindano za gramafoni kwa Mpanda ya wakati ule ilikuwa mpaka umwagize mtu Tabora.

Niliinyanyua. Mwenye santuri yeyote angeinyanyua.

Mlango ulifunguliwa. Shangazi akasimama pale, akanitazama kuanzia kiraka cha bukta mpaka kichwani. Akaja akanishika paji la uso. Akanifinya shavu, kwa nguvu. Kisha akaomba maji, akanywa kikombe kizima, akakirudisha mkononi mwangu.

Akatoka nje na mwiko wa uji. Maganga alikuwa fundi baiskeli lakini siku hiyo alikimbia kwa miguu.

Skola alibaki mlangoni. Alinipiga ngumi moja begani, ya kweli, halafu akaegemeza kichwa palepale alipopiga. Lile bega liliniuma wiki nzima na sikulalamika.

Watu walipotulia, balozi akakalisha kikao juu ya mikeka ileile ya msiba. Shangazi akadai faini. Akasema utani una mipaka, amepanda treni analia, mbuzi amebebwa kutoka Ugalla, asali imebebwa, na marehemu anaonekana amenenepa. Hakuna aliyembishia. Watani wenyewe walikubali wamevuka.

Balozi akaamua watani walipe kwa mikono yao: waende msituni wakate miti, wanipaulie nyumba, na siku ya kupigilia bati wote wawepo juu, Maganga wa kwanza.

Hapo Maganga, akiwa bado amesimama umbali wa kutosha na mwiko, akainua mkono. Akauliza kwa adabu kubwa kuhusu ile kauli ya kunipa mtoto hata kwenye nyasi zinazovuja, ambayo wote waliisikia.

Shangazi akasema, "Ile niliiambia maiti."

Balozi akasema, "Maiti kasikia."

Wakuu, hata Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwegemea Mama Kulwa aliyekuwa amemla jogoo wa watu. Mbuzi wa msiba akachinjwa, ikawa ndiyo posa yangu. Sijui kama kuna mwingine amewahi kuposa na mbuzi aliyeletwa kumzika.

Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kuachia vitu viwe hewani. Alipokuwa anaondoka alinivuta pembeni, akaniambia mtoto nimekupa na siwezi kurudisha maneno, ila naomba bati kwa hiari yako sasa, siyo kwa sharti langu. Hiyo ilinibana kuliko sharti.

Nikaenda Ilembo mwenyewe kwa miguu kumfuata Deusi. Aliponiona kwenye mlango wa baa yake aliangusha chupa. Nikamweleza yote. Alikasirika kidogo kuhusu jogoo, halafu akakubali kuja.

Alipofika akataka zile za dansi zote. Za chini hakuzitaka kabisa, isipokuwa tarumbeta za askari, alisema ataziweka baa ikitaka kufungwa ili walevi waamke.

Iliniuma. Nilimsaidia kupakia moja moja kwenye mkokoteni, kila moja nikiliona ganda lake nakumbuka imemchezesha nani barazani kwangu. Nilizipenda sana zile. Skola alikuwa amesimama pale, na aliniambia jambo moja tu: ile iliyokuwa inapigwa siku aliyokuja kunizika, hiyo isiende. Nikamwambia hiyo hata Deusi angeitaka nisingempa.

Basi nikabaki na kreti la maajabu. Kifaransa, wale wanawake, na nyingine nyingi ambazo Maganga alikuwa amenilazimisha kuzisikia kwa mara ya kwanza. Zile nilizozijua zote zikaenda kwa walevi wa Ilembo. Deusi akalipa, bati likapatikana.

Watani walipaua. Maganga alipigilia misumari juu ya paa huku anaagiza kahawa kwa Kifaransa.

Tukafunga ndoa, na mvua zikaja. Siku ya kwanza kunyesha ilikuwa mchana, Shangazi yupo, amekuja kututembelea na kukagua. Nikasema leo ndiyo leo, mama amekaa pakavu, acha nimwekee ule wimbo. Betri mpya kabisa, nimezinunua kwa ajili ya siku hiyo. Nikaweka santuri, nikashusha sindano taratibu.

Mvua ikapiga bati.

Jamani, mimi maisha yangu yote nimelala kwenye nyasi. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba bati likipigwa na mvua ya Mpanda hausikii hata mawazo yako. Santuri inazunguka, hakuna kinachosikika. Skola ameweka sikio kwenye mashine, anatikisa kichwa. Tunaonana midomo inafunguka tu. Nyumba kavu kila upande, muziki sifuri.

Shangazi akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti yake yote, "Leonsi! Mbona kimya, umekufa tena?"

Nikamjibu kwa kelele kwamba niko hai.

Akasema basi endelea kupiga kelele, asije akapanda treni bure.

Hiyo ndiyo stori yangu wakuu. Nilichojifunza: kabla hujauza collection yako, iwe santuri, kanda, CD au vitabu, kaa chini uipitie yote, hasa ile ambayo huigusi. Mimi nilidhani najua ninachokipenda, kumbe nilikuwa najua kilicho juu ya kreti tu. Na la pili, ukitaka kujua mkweo anakuonaje usimuulize uso kwa uso, hatakwambia.

Shahidi ameshasoma. Anasema hakunipiga ngumi moja, zilikuwa mbili. Nimekubali masahihisho.

Sasa na nyie leteni zenu. Nani humu aliwahi kuuza kitu akagundua amebaki na kilicho bora kwa bahati tu? Na kama kuna mtu wa lugha, nikimwelezea wale wanawake wanaimbaje anaweza kuniambia wanasema nini? Miaka yote hii bado tunasikiliza, na hatujui.